Bibi alisema moshi, wao wakaandika "roho ya ziwa"

Fundi Video Mwanjelwa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Kazi yangu ni video za shughuli: harusi, sendofu, kipaimara, na siku hizi hata misiba ya wenye uwezo. Nipo Mwanjelwa mwaka wa kumi na moja sasa. Upande wa mama mimi ni Mkisi wa Ikombe, kule ambako barabara inakuishia Matema, halafu unapanda mtumbwi au unatembea ubavuni mwa mlima. Kwa wasiojua, vile vyungu vya maharage mnavyonunua hapa Mbeya vinatoka kwa wanawake wa huko. Hawana gurudumu la kufinyangia, chungu kinazungushwa kwa mkono. Hawana tanuri, vinachomwa juu ya ardhi. Vikipoa vinapakiwa kwenye mitumbwi na Jumamosi vinashushwa sokoni Lyulilo. Bibi yangu alifanya kazi hiyo tangu akiwa msichana mpaka mikono ilipokataa.

Mwaka 2011 walikuja watu na kamera. Ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza fomu foo, nikawabebea stendi siku mbili, na ugonjwa wa kamera uliniingia hapo hapo. Walimpiga picha bibi tangu anachimba udongo mpaka anachoma. Wakaahidi kuleta filamu aione. Bibi amefariki 2016, na mpaka mwaka ule wa mwisho alikuwa akiniona anauliza, "Wale wa picha wamefika wapi?"

Mwezi uliopita jamaa yangu mmoja kanitumia linki. Filamu ina dakika 52, bibi anatokea kwa vipande, jumla labda dakika sita. Nilifurahi, nikalia, nikairudia. Mara ya tatu ndiyo nikasikia maneno. Bibi yuko mbele ya moto, anaongea Kikisi, na maandishi ya chini yanasema (natafsiri): "Roho ya ziwa hutupa udongo, nasi humrudishia moto."

Bibi anachosema ni hiki: "Mwambie huyo kijana asogee, moshi unamfuata, atapofuka."

Huyo kijana ni mimi.

Sasa nawauliza. Nikishuti sendofu ya watu Sae au Iyunga, kabla sijarusha hata sekunde kumi mtandaoni, wenye shughuli wanakuja ofisini, wanakaa kwenye benchi langu, wanaangalia. Shangazi akisema "hapo nilipokuwa natafuna toa," natoa. Wanaondoka na fleshi yao. Na hiyo ni sendofu ya jioni moja. Inakuwaje mtu aliyefungua nyumba yake, kazi yake na lugha yake haoni hata mara moja?

Nataka kutengeneza ya kwangu. Lakini kwanza nijue wenzetu wa nchi nyingine, wale watu wa asili walioamua kushika kamera wenyewe, walifanyaje. Wenye uelewa nawasubiri. Wenye kejeli nao karibuni, uzi haunogi bila nyie.

Mjanja wa Mafiati

Hizo siku mbili za kubeba stendi walikupa shilingi ngapi?

Fundi Video Mwanjelwa

Soda na kofia. Kofia ilichukuliwa na mjomba.

Binti wa Bulongwa

Pole na bibi, kaka. Mimi ni jirani yako wa juu, mlima ule ule ila upande wa Makete. Nimesomea mambo ya makumbusho, kwa hiyo hilo la "wenzetu walifanyaje" niachieni, nitakuwa mrefu kidogo.

Anza na Wamaori wa Nyuzilandi. Kati ya 1919 na 1923 makumbusho ya taifa lao ilituma watu vijijini kupiga filamu za uvuvi, kusuka, michezo, mapishi. Mshika kamera aliitwa James McDonald. Filamu zikaishia kabatini. Miaka ya 1980 hifadhi ya filamu ya nchi ile ikazisafisha na kuzipeleka kwenye marae, yaani viwanja vya ukoo ambako watu hukutania kwenye misiba na mambo yao yote. Wazee hawakukaa kimya kama watu wa sinema. Waliita majina ya waliowatambua. Walilia, waliimba, walizungumza na ile shuka ya picha kama sisi tunavyozungumza na marehemu kabla jeneza halijafungwa. Na ilikuwa kazi ya makumbusho tu, iliyopigwa kwa ajili ya wataalamu! Miaka sitini ilikuwa imelala haina mtu wa kuiita shangazi.

Halafu yuko Barry Barclay, naye Mmaori. Mwaka 1974 alitoa kwenye televisheni mfululizo wa sehemu sita kuhusu watu wake. Msimamo wake ulikuwa kwamba kamera ikifika kwa wazee ijifunze kusikiliza. Aliiweka mbali, akatumia lenzi ndefu, mzee akaongea na wazee wenzake badala ya kuongea na mashine. Wewe wa harusi unaijua tofauti ya bibi harusi anayeitabasamia kamera na yule aliyejisahau.

Ninayempenda kuliko wote ni wa Brazil, ingawa yeye si mtu wa asili. Vincent Carelli alianzisha mwaka 1986 mradi unaoitwa Vídeo nas Aldeias, maana yake video vijijini. Alipiga sherehe ya mwali kwa Wanambikwara, kisha papo hapo akawawekea kwenye televisheni waone. Hawakujipenda! Walisema wamevaa nguo nyingi mno. Wakairudia sherehe kwa namna wanayotaka wao ionekane. Na haikuishia hapo: wakaamua kuwatoga vijana pua na mdomo, jambo walilokuwa wameliacha kwa zaidi ya miaka 20. Baadaye mradi ukaanza kuwafundisha wenyeji wenyewe kupiga na kuhariri.

Angalia mpangilio huo. Carelli hakwenda kuhariri mjini kwanza. Waliona siku zile zile, wakati bado wana nguvu ya kusema "futa".

Mwalimu Mstaafu Kihesa

Kamwene nyote. Nimesoma yote, na nimefurahi kuona vijana wanaandika sentensi ndefu.

Swali la Fundi sisi Iringa tumekaa nalo muda mrefu, ila kwetu lilikuwa la fuvu. Mkataba wa Versailles wa 1919, ibara ya 246, uliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Mkwawa kwa Waingereza ndani ya miezi sita. Miezi sita hiyo ikawa miaka 35. Mwaka 1954 gavana Twining ndiye aliyelileta Kalenga na kumkabidhi mjukuu, Chifu Adam Sapi. Baba yangu alikuwepo. Ukimuuliza habari za siku ile, atakuelezea vumbi na njaa, kwa sababu hotuba zilikuwa nyingi.

Tangu hapo wenye kamera hawaishi. Wanapiga fuvu ndani ya kioo. Wanapanda jiwe la Gangilonga kupiga mji. Wanasimama kwenye mnara wa Lugalo, pale ambapo tarehe 17 Agosti 1891 Zelewski, kamanda wa Wajerumani, na kikosi chake walimalizwa na Wahehe, wanapiga na malori yanayopita, na kabla ya chai ya saa nne wameshaondoka. Sijaona aliyeuliza wanawake waliishije baada ya 1898, Mkwawa alipojipiga risasi Mlambalasi na nchi ikabaki na njaa na wapagazi.

Kwa Fundi, mtafute mama anayeitwa Alanis Obomsawin, wa kabila la Waabenaki huko Kanada. Mwaka 1990 mji wa Oka ulitaka kupanua kiwanja cha gofu kiingie kwenye msitu wa misonobari na makaburi ya Wamohawk. Wenyewe wakaziba njia. Wakaja polisi, baadaye jeshi. Mvutano ulichukua siku 78, na mama huyo alikaa ndani ya vizuizi pamoja na waliozingirwa. Filamu ikatoka 1993, *Kanehsatake*, na jina lake kamili linataja miaka 270 ya upinzani, yaani anakwambia gofu ni tone la mwisho tu. Sasa utamu wa kazi ile uko mahali alipoweka miguu yake. Askari ndio wanaokuja kwenye lenzi. Siku ukienda Lugalo, usisimame barabarani. Panda upande wa pili, kwenye vichaka, halafu ndiyo utazame barabara.

Msangu wa Rujewa

Mwalimu, shikamoo. Kwa heshima zote naomba kubisha.

Kila filamu ya upinzani ya Nyanda za Juu inaanzia Kalenga na kuishia Kalenga. Sisi wa Usangu tunatokea pale mwishoni kama watu wabaya, au hatutokei. Babu zetu walifukuzwa Utengule na Wahehe, wakaenda kukaa Usafwa kama wageni kwa miaka. Mjerumani alipofika, Merere, mtemi wetu, akasimama upande wake dhidi ya Mkwawa, na nchi yake akarudishiwa. Kwenye kitabu cha shule huyo ni kibaraka. Nyumbani kwetu ni mzee aliyechoka kuishi kwenye ardhi ya watu.

Mtu wa nje akija na kamera anataka shujaa mmoja na adui mmoja, maana ana dakika 52. Sisi tuna hesabu tatu nne zinazoingiliana, na wajukuu wa pande zote wanapanda basi moja kila siku kwenda Mbeya.

Mwalimu Mstaafu Kihesa

Marahaba, mwanangu. Hapo sibishi. Niongeze na la kwetu kabla halijasemwa na wengine: 1905 Maji Maji ilipowaka, Wangoni waliinuka, Wabena waliivamia misheni ya Yakobi kule Njombe, lakini Wahehe wengi hawakuingia, na wako waliopigana upande wa Mjerumani. Nimefundisha historia miaka 34, na kipande hicho nilikuwa nakipita haraka haraka kengele isije ikanikuta nacho.

Mjanja wa Mafiati

Mwalimu kaungama hadharani. Naweka kambi hapa, nani ana kahawa?

Mzalendo Mwenye Nchi

Hivi hili neno "watu wa asili" mnalitoa wapi? Tanzania hakuna mtu wa asili na mtu wa kuja. Wote wenyeji. Mnataka kutuletea mambo ya Kanada yaliyojaa mabavu wakati Mkisi na Mhehe wanaoana.

Binti wa Bulongwa

Na ndiyo msimamo wa serikali yetu, kwamba Watanzania wote ni wenyeji. Sibishani nao. Kanada mgeni alikuja akabaki, akawa mwenye kila kitu. Hapa mgeni aliondoka 1961 na kutuachia wenyewe kwa wenyewe. Lile vazi likiletwa kama lilivyo linatupwaya.

Lakini hebu rudi kwenye moshi. Bibi aliongea lugha ambayo hata Mbeya mjini hupati watu wengi wa kukutafsiria. Akawekewa maneno mdomoni, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kusema "sivyo". Hilo liite jina lolote upendalo, mimi ndilo ninalozungumzia.

Lizombe Asilia

Songea hapa. Mmegusa penyewe.

Nduna (jemadari wa Wangoni) Songea Mbano alinyongwa na Wajerumani 1906, na kila tarehe 27 Februari tunakusanyika kwenye makumbusho ya Maji Maji kuwakumbuka yeye na wenzake. Kaburi lipo. Ukoo unasema kichwa hakimo, kilipelekwa Ujerumani, na mpaka leo wanakitafuta. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wao Steinmeier alikuja mwenyewe akaomba msamaha mbele ya familia.

Filamu iliyofuata msako huo, *Das leere Grab*, ilioneshwa mara ya kwanza Berlin mwaka 2024. Waongozaji ni wawili, Cece Mlay wa kwetu hapa Tanzania na Agnes Lisa Wegner wa Ujerumani. Ninalotaka kusema ni dogo tu. Mzee wa Kingoni akihojiwa akajibu "haya bwana", kuna "haya bwana" ya kukubali na kuna ile ya kukufukuza. Mfasiri atakuandikia "sawa" kwa zote mbili. Mmoja wa walioshika usukani akiwa anazijua hizo mbili, umeshaokoa nusu ya filamu.

Kichwa chenyewe hakijarudi.

Kilolo Yetu

Mmemsahau Merata Mita! Mmaori, mwanamke, na sisi wa Iringa tuna udugu naye bila kujua. Mwaka 1981 timu ya raga ya makaburu ilikwenda kucheza Nyuzilandi, watu wakaingia barabarani kupinga, polisi wakashusha virungu. Mita na wenzake walipiga yote, filamu ikatoka 1983, jina lake *Patu!*, neno la Kimaori la rungu na pia la kupiga.

Babu yangu aliishi karibu na Mgagao, ile kambi ya wapigania uhuru wa Zimbabwe. Nilimwonesha vipande kwenye simu tukiwa tunakunywa ulanzi. Akatazama kimya, halafu akauliza, "Hawa weupe wanapigwa kwa ajili ya watu weusi wa Afrika Kusini?" Nikamwambia ndiyo babu, na Wamaori wamo. Akasema rudisha nyuma. Nikarudisha. Rudisha tena. Bando langu liliisha siku hiyo.

Muuguzi Tukuyu

Ugonile, ndugu zangu. Mimi ni msomaji tu, ila neno "uponyaji" kila mtu analitumia kwenye hizi filamu na linanikera kidogo, labda kwa sababu ya kazi yangu.

Nimeiangalia *Sugarcane* ya 2024, zamu ya usiku, kwa vipande. Inahusu shule ya bweni ya misheni huko British Columbia. Kanada ilipeleka watoto wa asili zaidi ya 150,000 kwenye shule za namna hiyo ili wasahau kwao. Mmoja wa waongozaji, Julian Brave NoiseCat, anasafiri na baba yake, na baba alizaliwa pale pale kwenye ile misheni. Mwana anataka kujua, baba anaogopa kuulizwa. Sikuona aliyepona mle ndani. Niliona watu wamekaa na jambo pamoja, jambo ambalo kila mmoja alikuwa anakaa nalo peke yake chumbani. Ni kitu kikubwa, lakini kidonda ukikifungua ili ukisafishe lazima uwe na bandeji mkononi.

Sisi Wanyakyusa msiba ulikuwa na ngoma, vijana wanacheza kwa mikuki, na watu wanalala pale siku kadhaa. Hakuna aliyemwacha mfiwa na usiku. Sasa wewe unamkalisha mama wa miaka themanini saa tatu asubuhi, anakueleza mwanawe aliyezama ziwani, analia, picha yako inapendeza. Saa sita umepanda gari. Usiku ule nani anakaa naye?

Fundi, ukienda Ikombe utakutana na waliofiwa na ziwa, kila nyumba ina wake. Ukitaka kuwauliza, beba na godoro.

Fundi Video Mwanjelwa

Dada Muuguzi, ndaga fijo. Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa. Nilikuwa nafikiria maiki.

Wakili wa Mtaa

Fupi tu. Usishuti bila kibali cha Bodi ya Filamu, hata kama ni kwa bibi yako. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda pia sanaa za jadi, nyimbo na ufundi, usidhani ni vya bure kwa sababu havina jina la mtunzi. Na makubaliano andika kwa Kiswahili, yasomwe kwa sauti mbele ya watu, nakala moja ibaki kijijini. Ile karatasi aliyoweka bibi dole gumba 2011, naamini hakuna aliyemsomea.

Fundi Video Mwanjelwa

Iliandikwa Kiingereza. Mimi ndiye niliyemwambia aweke dole. Nilijifanya nimeielewa, maana nilikuwa na cheti cha fomu foo mfukoni.

Dada wa Kyela

Mimi nachukua vyungu Lyulilo kila Jumamosi, naleta Uyole na hapo Mwanjelwa kwako. Mama zako wadogo nawafahamu, wawili wananidai. Uzi wenu mzuri ila mmezunguka Kanada, Brazil, mmefika hadi Nyuzilandi, na kutoka Mbeya kwenda Matema ni nauli ya siku moja.

Filamu unayo kwenye laptopu. Matema kuna kibanda umiza cha kuoneshea mpira na video, mwenyewe ni shemeji yangu. Wanawake wakishamaliza kuuza wanasubiri upepo utulie ndiyo warudi kwa mtumbwi. Waoneshe. Tatizo moja tu, isiwe siku ya Simba na Yanga, hapo hata mimi simshauri shemeji.

Mjanja wa Mafiati

Dada Kyela katupiga wote kwa sentensi mbili. Fundi, mguu sawa.

Fundi Video Mwanjelwa

MREJESHO, wiki tatu baadaye.

Samahani kwa kimya, kulikuwa na harusi nne mfululizo.

Nilikwenda. Ijumaa Mbeya, Tukuyu, Kyela, Ipinda, Matema, nimebeba ile projekta ninayoonesha picha za maharusi ukumbini, spika moja na shuka jeupe. Kibanda ni cha mabati na mabenchi, ukutani kuna ratiba ya ligi ya Uingereza kwa chaki. Shemeji wa Dada Kyela hakunitoza, ila mafuta ya jenereta nilinunua mimi. Jumamosi saa nane mchana wakaanza kuingia, na madishi yao matupu kichwani. Nilihesabu thelathini na nane, nikaacha kuhesabu. Wanaume walisimama mlangoni. Mjomba alikaa mbele kabisa.

Niliweka filamu kama ilivyo. Mwanzo walikaa kimya sana mpaka nikaogopa. Bibi alipotokea mtu mmoja akamwita kwa jina lake la usichana, ambalo mimi nilikuwa silijui. Ilipofika ile sehemu ya moto, nikawasomea kwa Kiswahili maandishi ya chini yanasema nini. Kibanda kililipuka. Mama mmoja alicheka mpaka akakaa chini. "Roho ya ziwa! Alikuwa anakufokea wewe!" Wakaanza kuigiza: akikohoa mmoja, wengine wanasema "roho ya ziwa".

Sasa sikilizeni hii. Karibu na katikati kuna kipande kirefu cha mikono tu, sura haionekani, inalainisha mdomo wa chungu kwa gunzi. Ni picha nzuri, mwanga wa asubuhi, kama fundi natamani ningeipiga mimi. Msimulizi anamtaja bibi kwa jina, mikono ya miaka sitini ya kazi, nini na nini. Nimekiangalia kipande hicho labda mara ishirini. Nilikiweka hata kwenye simu, nimeshalala nacho usingizi.

Sauti ikatoka nyuma. "Simamisha."

Nikasimamisha.

"Hiyo si mikono ya bibi yako. Hiyo ni yangu."

Ni mama mtu mzima, nyumba ya tatu kutoka kwetu, nimemwamkia maisha yangu yote. Akaja mbele taratibu kati ya mabenchi, akainua mkono wa kulia mbele ya mwanga wa projekta. Kivuli kikaanguka kwenye shuka, juu ya ule mkono mwingine. Kidole cha pete kimepinda kwenda nje, kilibanwa na mtumbwi zamani. Kwenye picha kimepinda vile vile. Mara ishirini nimetazama na sikukiona.

Akaeleza kwamba siku ile bibi alikuwa na homa. Wale walikuwa wamebakiza asubuhi moja tu, hawana muda, basi bibi akamwita yeye akae mahali pake. Mwenye kamera hakuuliza. "Na kile chungu," akasema, "kilipasuka motoni. Udongo wake sikuukanyaga vizuri, nilikuwa na haraka ya kwenda shamba." Akarudi kukaa.

Baada ya hapo wakataka iwekwe tena tangu mwanzo, lakini bila sauti. Nikaizima. Wakaongea wao juu yake kwa Kikisi, wanakatizana, wanabishana udongo ulichimbwa wapi, nani alikuwa mjamzito mwaka ule, mtumbwi ule unaopita nyuma ulikuwa wa nani na walizama lini. Hapo pa kuzama waliimba kidogo, halafu wakaendelea. Nilikuwa na kinasa sauti kimoja, nikakiweka juu ya benchi, nikakaa. Nina saa moja na dakika arobaini. Sikumhoji mtu hata mmoja.

Nililala Ikombe siku mbili, Dada Muuguzi, godoro nilibeba. Kabla sijaondoka niliwasikilizisha chote. Wametoa sehemu mbili na kuniambia nisizitaje, kwa hiyo sizitaji. Kinachobaki nitakiweka chini ya picha, nikishajua picha zile naruhusiwa kuzitumia vipi. Nimewaandikia wenyewe, bado hawajajibu.

Binti wa Bulongwa

Kaka! Hiyo sauti weka mahali pawili tofauti leo hii, na nakala moja ibaki kwa mtu wa Ikombe. Na andika majina ya wanaoongea kabla hujasahau ni nani.

Mwalimu Mstaafu Kihesa

Huyo mama mwenye kidole alipewa nini 2011?

Fundi Video Mwanjelwa

Hakuna, Mwalimu. Hata hawakujua kuwa yupo. Kaniambia nimtengenezee picha ya mikono yake, ya karatasi, ya ukutani. Nimeshaichapa, inakwenda na Dada Kyela Jumamosi.

Msangu wa Rujewa

Ukimaliza huko, projekta ije Rujewa. Mafuta ya jenereta juu yangu.

Mjanja wa Mafiati

Umesema mjomba alikaa mbele kabisa. Kofia alikuja nayo?

Fundi Video Mwanjelwa

Alikuja nayo. Imepauka yote, yale maandishi ya mbele hayasomeki tena.